Msumari Ulioitwa Panas

Motria Danylivna alikuwa ameinama kwenye mistari ya viazi, akiokota wadudu wenye milia na kuwatumbukiza kwenye kopo la mafuta ya taa, mbwa alipoanza kubweka. Hakuinua kichwa. Mbwa wake alikuwa na mibweko miwili, mmoja wa majirani na mwingine wa wageni, na huu ulikuwa wa mgeni.

"Mungu akusaidie kazi, Motria Danylivna!"

Sauti ile aliitambua kabla hajamwona mwenye nayo. Alikuwa akiisikia kichwani mwake tangu rafiki yake Paraska azikwe, ikirudia maneno yale yale. Akatumbukiza mdudu mmoja zaidi, akamtazama akizama, ndipo akanyoosha mgongo.

Getini alisimama Arkadi Zenonovych, aliyekuwa mkuu wa wanawake waliofua nguo kwenye dobi la Chornobyl. Alivaa shati jeupe, na mkononi alikuwa na boksi la keki lililofungwa kamba. Zamani tumbo lake lilikuwa likitangulia mlangoni. Sasa suruali ilikuwa imekusanywa na mshipi kama mdomo wa gunia.

"Mbwa anauma?" akauliza.

"Anachagua."

Akaingia kwa kunyata. Chini ya dirisha kulikuwa na benchi, na juu ya benchi beseni la matango. Motria hakuliondoa. Zenonovych akabaki amesimama na keki yake.

"Umenisahau, nini?"

"Nikusahau vipi, mkuu?"

"Acha hayo ya mkuu. Siku hizi mimi ni mstaafu tu."

"Haya. Nikusahau vipi, mstaafu?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipoisha alijifuta midomo na kusema, kwa sauti ya chini, "Naumwa, Motria. Saratani ya damu."

Motria alipangusa mikono kwenye aproni polepole sana. Moyoni kitu kiliruka kama mtoto aliyesikia jina lake likiitwa. Kumbe mishumaa ilikuwa inasikika. Tangu Paraska afe, kila Jumapili kanisani alikuwa akiwasha mshumaa mmoja upande wa marehemu na kulitaja kimoyomoyo jina la Arkadi, ambaye alikuwa hai na akitembea. Padri angejua angemfukuza. Kijijini kila mwanamke anajua kwamba mshumaa wa namna hiyo ni wa kumwombea mtu kifo, na hakuna anayekubali kwamba amewahi kuuwasha.

"Pole," alisema.

"Tume ya mkoa inasema haitokani na Ukanda wa mionzi. Inasema kipimo changu cha mionzi kilisoma kidogo mno, kama cha mtu aliyekaa ofisini tu."

"Si ulikaa ofisini?"

"Motria! Unajua nilikuwa naingia ukumbini kila siku. Nilikalia yale mafurushi nikivuta sigara. Wewe mwenyewe ulinifukuza kwa brashi!"

"Nakumbuka."

"Basi njoo uwaambie. Waambie vipimo havikuwa vifuani, vilikuwa ofisini vinaning'inia. Waambie habari za Panas. Wananipa nafasi moja tu ya kuleta shahidi, na kati ya wale wanawake umebaki wewe tu mwenye akili timamu. Wakikubali napelekwa Kyiv, napewa dawa. Wasipokubali..." Akatazama matango. "Siombi kwa wema wangu. Najua sina."

"Nitakuja," Motria alisema.

Zenonovych alimshukuru mara nyingi, akaweka keki ukingoni mwa benchi, akaondoka akimwita "dada". Hajawahi kumwita dada. Alipopinda njia Motria alikata kamba ya boksi, akaimwaga keki yote bandani kwa kuku. Kuku waliisogelea kwa mashaka, kisha wakaipigania.

Mwaka ule kinu cha nyuklia kilipolipuka, Motria alikuwa binti wa mikono mipana, mke wa dereva wa trekta, na mama wa mtoto mmoja aliyekuwa bado ananyonya dole gumba. Mwenyekiti wa shamba la ushirika alikuja kuomba wanawake wa kufua nguo za wanaume waliokuwa wakisafisha kinu. Alisema ni kufua tu. Nani asiyejua kufua? Motria alijiandikisha kwa sababu Paraska alijiandikisha, na Paraska alijiandikisha kwa sababu hakuwahi kuona basi likiondoka akakubali kuachwa. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Paraska alikuwa mwembamba, mwenye meno ya mbele yaliyopishana, na mdomo ambao hata mapadri waliuogopa.

Dobi lilikuwa katika jengo refu la matofali. Nguo zililetwa kwa malori, zimejaa vumbi la paa la kinu, na zilipomwagwa sakafuni wanawake walihisi ladha ya chuma ulimini, kama mtu aliyelamba sarafu. Glovu za mpira zilichanika mapema, na baada ya hapo walisugua kola kwa brashi na mikono mitupu. Mlango wa kutokea ulikuwa na askari mwenye mashine ya kupimia mionzi. Nguo ikipita na mashine ikalia, ilirudishwa ikafuliwe tena. Ikilia tena, ilirudishwa tena. Ikikaidi kabisa ilizikwa shimoni. Wanawake walitokea mlango mwingine, ambao haukuwa na mashine.

Hata hivyo walikuwa na vipimo vyao vya mionzi, vidogo, vya kubana kifuani. Sheria ilisema kipimo kikijaa mwenye nacho arudi nyumbani. Siku ya kwanza Zenonovych alisimama juu ya kreti, akasema, "Wasichana, maji yanaharibu vifaa. Atakayelowesha kipimo atakilipa yeye. Kuna msumari ofisini kwangu, mtaning'iniza pale mnapoingia na kuchukua mnapotoka." Chake mwenyewe akakitundika wa kwanza, kuonyesha mfano. Ofisi ilikuwa ng'ambo ya ua, nyuma ya kuta nene, na dirisha lake halikufunguliwa kamwe.

Kusema kweli, wanawake walifurahi. Mshahara ulikuwa mkubwa, kantini ilikuwa na machungwa na nyama ya kopo ambazo duka la kijiji halikuwahi kuziona, na ambaye kipimo chake hakijai hatimuliwi. Paraska ndiye aliyeupa msumari jina. Alikuwa na shemeji aitwaye Panas, mvivu wa kutajwa wilaya nzima.

"Panas mtupu!" alisema alipokuwa akitundika kipimo chake. "Yuko kazini, hafanyi kitu, na mwisho wa mwezi anasifiwa!"

Kuanzia hapo ikawa ndiyo salamu yao. Asubuhi walisema, "Panas, kazi njema." Jioni walisema, "Panas, umechoka?" Hata Zenonovych alicheka. Dobi lake halikuwahi kubadilisha mfanyakazi wala kuchelewesha nguo, na msimu ulipoisha alivishwa nishani.

Miaka ilipita. Shamba la ushirika likafa, Ostap mume wa Motria naye akafa, kwa pombe na si kwa kingine. Binti yao akaenda Italia kutunza wazee wa watu. Kisha, majira fulani ya vuli, Paraska akaanza kuchoka. Kwanza alichoka kubeba ndoo, halafu kuongea, na hapo ndipo kijiji kilipojua jambo ni zito. Fizi zilitoka damu akila mkate. Hospitali ikasema ni saratani ya damu, ile ya mbio.

Alienda mbele ya tume ya mkoa, Motria akiwa amemshika kiuno. Daktari mmoja pale aliwaeleza bila ukali kwamba saratani ya damu haina sahihi ya aliyeileta. Inampata aliyekaa Ukanda, na inampata ambaye hajawahi kuikaribia. Mionzi ikizidi, hatari nayo huzidi, basi wao hutazama kipimo kilisoma nini. Cha Paraska kilisoma karibu na bure. Paraska akasema vipimo vilikuwa ofisini. Tume ikamwita mkuu wa dobi aulizwe.

Zenonovych wakati huo alikuwa bosi wa maji ya wilaya, nishani kifuani. Angekubali, angeulizwa kwa nini. Alisimama akasema, kwa sauti ile ya kreti, "Vipimo vilivaliwa toka mwanzo wa zamu hadi mwisho. Niliona kwa macho yangu."

Hakuwatazama. Walipotoka nje Paraska aliegemea ukuta wa jengo. "Shoga," alisema, "Panas kaniua." Akacheka, na meno yake yaliyopishana yakawa mekundu.

Alikufa kabla theluji haijayeyuka, katika hospitali ya wilaya isiyokuwa na dawa. Zenonovych alituma shada la maua ya plastiki lenye utepe wa "Kutoka kwa wenzako". Motria alilitoa kaburini, akalirusha nje ya ua wa makaburi, likatua kwenye shamba la mtu. Tangu hapo aliyatafuna yale maneno akikama ng'ombe, akikata kabichi, akisubiri usingizi. Aliyajua na pumzi zake, mahali ambapo mwanamume yule alimeza mate, mahali alipopandisha kidevu.

Siku Zenonovych alipokuja na keki, kabla ng'ombe hawajarudi, Ulyana alikuwa tayari amesikia. Ulyana alikuwa binti wa Paraska na mganga wa zahanati ya kijiji, na kwake hakuna mgeni aliyepita bila habari kufika. Ni yeye aliyegusa mitoki, tezi zilizovimba shingoni mwa Motria msimu uliopita, akakunja uso, akachukua damu. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi. Ile yake ilikuwa saratani ya damu ya taratibu, inayoweza kulala kwa miaka na siku moja ikaamka. Motria hakumwambia mtu, hata binti yake wa Italia. Alinunua kitambaa kipana zaidi cha kujifunga shingoni.

"Ni kweli utaenda, Shangazi?"

"Nitaenda."

"Mungu ni mkubwa!" Ulyana alikaa benchini akalisukuma beseni. "Sikia. Ukiwaambia ukweli, hawana budi kufungua faili la mama upya. Jina lake litasafishwa. Na lako nitalipeleka wiki hiyo hiyo. Utapata Kyiv, utapata dawa, hungoji kufa hapa na kuku."

"Na yeye atapata."

"Atapata, ndiyo. Akapate. Nani anamjali?"

"Mimi namjali," Motria alisema. "Duniani hapa hakuna mtu ninayemjali kama yeye."

Ulyana alifunga meno. Alikuwa na meno ya mama yake, na alipoyafunga namna ile ilikuwa vigumu kumtazama.

"Mama angetaka upone."

"Mama yako alitaka mambo mengi. Alitaka kucheza kwenye harusi yako."

"Usinipige na mama yangu, Shangazi. Hayo makali yako yanakata na wewe. Ukinyamaza kule ndani, unajinyonga mwenyewe."

"Sitanyamaza," Motria alisema. "Hilo nakuahidi. Nitaongea."

Ulyana akambusu shavuni akaenda zake, amefarijika. Motria alibaki akimenya kitunguu. Alijua kabisa kilichokuwa mizanini. Upande mmoja ilikuwa dawa, na miaka ambayo dawa ingeweza kununua, pengine na safari ya Italia kumwona mjukuu ambaye hajawahi kumbeba. Upande wa pili yalikuwa maneno mafupi aliyoyalea kama mtu anavyolea nguruwe wa Krismasi. Alilia kidogo. Kitunguu kilikuwa kikali.

Jengo la tume lilinuka rangi mbichi na kabichi ya kantini. Mwenyekiti alikuwa daktari mwanamke aliyevua viatu chini ya meza, na kando yake wanaume wawili waliotaka chakula cha mchana. Zenonovych alikaa mbele, amenyolewa, nishani imeng'arishwa. Ulyana alikaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, bahasha ya vipimo vya damu ya Motria mapajani, tayari.

"Shahidi, simama. Ulifanya kazi dobini pamoja na bwana huyu?"

"Nilifanya."

"Anadai kwamba vipimo vya mionzi havikuvaliwa wakati wa kazi, kwa hiyo usomaji wake si sahihi. Wewe unasemaje?"

Zenonovych alimgeukia akatabasamu, tabasamu la mtu anayemnyooshea farasi mkate huku hatamu iko nyuma ya mgongo. Motria alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale. Ulikuwa umeshafika kwenye meno, una ladha ya chuma, na ungekuwa rahisi tu kuutema. Aliona kitanda cheupe cha Kyiv. Aliona na bahasha ya Ulyana.

Ndipo akaona vidole vya Zenonovych. Vilikuwa vinapapasa nishani, taratibu, kama mtu anayembembeleza paka.

Motria akapandisha kidevu, akameza mate mahali pake.

"Vipimo vilivaliwa toka mwanzo wa zamu hadi mwisho," alisema. "Niliona kwa macho yangu."

Zenonovych akainuka nusu, mikono mezani.

"Motria! We mwanamke, una nini? Panas! Waambie habari za Panas!"

"Panas ni nani?" mwenyekiti aliuliza.

"Simjui," Motria alisema. "Labda homa imempanda mzee wa watu."

"Muongo! Msumari! Ule msumari, ofisini kwangu, mimi ndiye niliyewaambia mtundike, mimi mwenyewe!"

"Bwana, kaa chini," alisema mmoja wa wale wanaume. "Mbele ya tume hii hii uliwahi kuapa kinyume cha hayo. Wewe ndiwe uliyesema vilivaliwa."

"Nilisema, ndiyo, lakini..." Akakaa.

Mwenyekiti alikuwa akimtazama Motria, si kwa wema wala kwa ubaya, bali kama mtu anayesikia harufu asiyoijua inakotoka. "Na cha kwako, mama? Nawe ulikivaa?"

Nyuma kiti kilikwaruza sakafu.

"Shangazi," Ulyana alisema. "Shangazi, usifanye hivyo."

"Unaelewa," mwenyekiti aliendelea, "kwamba kauli hii itahesabika kwa kila aliyefanya kazi kule? Hata kwako?"

"Naelewa. Nilikivaa. Hakikuwahi kunitoka kifuani."

Mlango ulifungwa kwa kishindo. Motria hakugeuka.

Zenonovych alimkuta kwenye benchi la korido, anakula mkate wa kukaanga wenye viazi alioununua kantini. Alikuwa anakula kwa hamu ambayo hakuwa nayo tangu msimu uliopita. Kwa joto alikuwa amelegeza kitambaa. Zenonovych alikuja amejaa matusi, yalionekana yamemtangulia usoni, lakini macho yake yakatua shingoni mwa Motria, kwenye ile mitoki. Akakaa.

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Ile ile?"

"Ya kwangu ya polepole. Nasikia ya kwako ina haraka."

"Basi umejizika, mpumbavu wewe! Tungepona wote!"

"Ndiyo," alisema, akitafuna. "Wote. Mimi na wewe Kyiv, wodi zinatazamana, tunatumiana biskuti. Na Paraska kule kwenye udongo akitusubiri tumalize."

"Niliogopa, Motria. Wangenifunga. Nilikuwa na watoto."

"Yeye alikuwa na huyo aliyebamiza mlango."

Zenonovych aliangalia mikono yake. Ilikuwa na madoa ya zambarau ngozini, kama mtu aliyekuwa akichuma matunda ya porini. "Unanichukia kiasi hicho?"

"Nimekuwashia mshumaa wa marehemu kila Jumapili ya Mungu."

Akajifanyia ishara ya msalaba, haraka, kama bibi kizee. Motria alilamba mafuta kidoleni.

"Usijali," alisema. "Sasa naacha. Sitaki kupoteza nta."

Akajifunga kitambaa, akamwacha pale.

Ndani ya basi Ulyana alikaa kiti cha mbele peke yake, na kijijini alishuka bila kuaga. Habari ilifika kabla yao, haijulikani vipi. Wengine walisema Motria amefanya vizuri. Wengine walisema amechanganyikiwa, mitoki imepanda kichwani. Yeye alirudi kwenye viazi vyake. Wadudu walikuwa wameongezeka.

Kabla mavuno hayajaisha walisikia kwamba Zenonovych amezikwa, na bendi ya wilaya ilipiga. Siku hiyo Motria alienda makaburini na kikombe cha vodka, akamimina nusu kwa Paraska, nusu akanywa. Alitaka kumsimulia jambo lote tangu mwanzo, kwa sauti, pamoja na kile kidevu. Lakini alipofika kwenye "Simjui" alijikuta anacheka peke yake, kicheko cha juu kama cha msichana, na kilipokwisha hakikuacha kitu nyuma yake. Alikaa pale mpaka kikombe kikakauka.

Jumatatu ilikuwa zamu ya Motria kupimwa damu zahanati. Ulyana alimwonyesha kiti kwa kidole. Hakumwita shangazi wala hakumtazama. Alimvuta mkono, akaikunja sweta, akaufunga mpira juu ya kiwiko kwa nguvu ambayo haikuwa ya kitabibu. Ngozi ikajikunja, vidole vikabadilika rangi.

"Unaniadhibu?" Motria aliuliza.

"Ndiyo."

Motria aliutazama mshipa ukiinuka chini ya ngozi, wa buluu, umejaa.

"Basi kaza," alisema. "Hapo bado."

Ulyana akakaza.